Beshiki Iliyochechemea

Zulhumor Ergasheva hakuwahi kuuza kitu kipya maishani mwake, na hakuona aibu kwa hilo. Aliuza beshiki, vile vitanda vya mbao vya kubembezea watoto wachanga, na beshiki mpya haina mvuto kwa mtu yeyote mjini Kokand. Nani amlaze mjukuu wake kwenye mbao ambazo hazijawahi kulea mtu? Watu wanataka beshiki iliyokwisha kulaza watoto watano, sita, wote wakakua, wakaenda shule, wakaoa. Hiyo ndiyo wanayoitolea pesa. Kwa hiyo katika soko lile la vitu vilivyotumika, ambako simu ya mwaka juzi hushuka bei kila mwezi, Zulhumor alikuwa na bidhaa iliyopanda bei kadiri ilivyochakaa.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Miaka ishirini na miwili kati ya hiyo alifua mashuka ya wodi ya wazazi, mpaka magoti yakakataa. Akakaa nyumbani mwezi mmoja, akaona atakufa kwa kutazama ukuta, akauza beshiki aliyolelea wanawe mwenyewe. Ikanunuliwa siku hiyohiyo. Akajiuliza, kwani ziko ngapi zinazooza kwenye maghala ya watu?

Mkwe wake Gavhar, mke wa mwanawe mkubwa, ndiye aliyemfungulia duka kwenye soko la mtandaoni. Gavhar alipiga picha na kuandika. Zulhumor alitafuta historia. Na historia ndiyo ilikuwa ufundi wake. Hakununua beshiki kabla ya kujua waliolelewa ndani yake. Alikwenda hadi kijijini, akakaa, akanywa chai, akauliza: wa kwanza ni nani, yuko wapi, anafanya nini? Majina yote aliyaandika kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu, kisha Gavhar akayaweka chini ya picha. "Sherali, dereva. Munojot, mwalimu wa hesabu. Mapacha Hasan na Husan, wanasoma. Husan anapiga chafya sana maua yakichanua, lakini hilo si kosa la beshiki."

Wateja waliyasoma maelezo hayo kama wanavyosoma barua ya posa.

Kwa miaka mitatu alikwisha kuuza beshiki sitini na moja. Jina la duka lake lilikuwa na alama ya kijani, ile wanayopewa wauzaji wa kuaminika, na lilikuwa pia na alama moja nyekundu, kwa sababu mwezi wa Agosti aliuza beshiki ambayo mkanda wake ulitafunwa na panya na hakuuona. Hilo alilikubali. Lakini sheria ya soko lile ilikuwa kali: alama mbili nyekundu ndani ya mwaka mmoja, duka linafungwa, na halifunguliwi tena kwa jina lako.

Jumanne moja ya Januari, saa kumi alasiri, alikuwa akikata karoti za pilau pale simu ilipolia mlio asioupenda. Gavhar akaiokota, akasoma, akakaa chini.

"Mama, limefunguliwa shauri."

"La nani?"

"Yule Mavjuda wa Angren. Beshiki ya watoto sita."

Zulhumor aliendelea kukata. "Ile nilimpelekea kabla theluji haijaanguka. Amelala wapi siku zote hizi?"

"Siku arobaini na saba. Sikiliza anavyosema." Gavhar akasoma kwa sauti. "Dada, beshiki yako inachechemea. Sikuiangusha, sikuilowesha. Ilikaa juu ya kabati imefungwa shuka, kama inavyotakiwa, mpaka arobaini ya mtoto ikatimia. Siku ya sherehe, Ijumaa iliyopita, mbele ya wanawake thelathini na watano, ilipobembezwa mara ya kwanza ikagonga tok, tok, tok, ikaanza kutembea kuelekea ukutani na mjukuu wangu yumo ndani. Nataka pesa zangu zote."

Kisu kikasimama.

Soko lile lilimpa mnunuzi siku saba za kukagua alichonunua. Zikipita, pesa zinakwenda kwa muuzaji. Lakini kwa kasoro ambayo macho hayawezi kuiona, mnunuzi aliruhusiwa kulalamika mpaka siku sitini zitimie, na muuzaji alipewa siku tatu kujibu. Asipojibu, ameshindwa. Akijibu vibaya, ameshindwa. Gavhar alizijua sheria hizo kwa moyo.

"Tunasema hivi," Gavhar alisema, na vidole vilikwisha kuanza kazi. "Muda wa ukaguzi ulipita. Beshiki ilikaa juu ya kabati kwenye fleti yenye mabomba ya joto wiki saba. Mbao zimekauka zikajikunja. Kwaheri."

"Unajua kwamba zimejikunja?"

"Najua kwamba yeye hawezi kuthibitisha hazikujikunja."

"Futa," Zulhumor alisema. "Mimi najua ile beshiki ni nzima, na nitalithibitisha hilo lenyewe. Sitaki kushinda kwa mabomba ya watu."

Kabla hawajamaliza kubishana, mwamuzi wa soko, kijana fulani huko Tashkent ambaye hawakupata kuiona sura yake, naye akaandika. Alikuwa na adabu. Alimwomba muuzaji atume ushahidi kwamba bidhaa ilikuwa ikifanya kazi kabla ya kusafirishwa. Wauza simu, alisema, huziwasha mbele ya kamera. Wauza cherehani hushona kipande cha kitambaa. Je, muuzaji anayo video ya beshiki ikibembea?

Gavhar akamtazama mama mkwe wake. "Picha tunazo kumi na nne. Video hatuna."

"Hatuna."

"Uliibembeza, mama? Hata mara moja tu, pale ghalani?"

"Tupu?" Zulhumor aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama aliwahi kuiba mkate. "Mimi nibembeze beshiki tupu?"

Hata Gavhar asingethubutu. Hakuna mwanamke katika bonde zima la Kokand anayebembeza beshiki isiyo na mtu. Mtoto atakayelazwa humo atalia usiku kucha, tumbo litamsokota, na mwenye mkono uliobembeza ndiye atakayelaumiwa mpaka mtoto aote meno. Kwa hiyo muuzaji hakuijaribu. Mwenye kuuza kijijini hakuijaribu. Mavjuda aliipokea, akakagua mbao, mikanda, kibomba cha kutolea mkojo wa mtoto na rangi, akaridhika, akabonyeza "nimepokea, kipo sawa", akaifunga shuka. Beshiki sitini na moja, na hata moja haikuwahi kujaribiwa na mtu kabla ya siku ambayo kila mtu anatazama. Zulhumor alilifikiria hilo kwa mara ya kwanza maishani.

Akachukua simu, akampigia Mavjuda mwenyewe.

"Dada Mavjuda, salama? Wa Kokand hapa."

"Nilidhani utanitumia karatasi ya sheria," sauti ilijibu. "Wenzako hutuma karatasi ya sheria."

"Mjukuu hajambo?"

"Hajambo. Analala kwenye kitanda cha plastiki chenye sungura ubavuni. Mkwe mwenzangu amemnunulia, ili kila nikienda nimwone yule sungura."

"Alisema nini, huyo mkwe mwenzako?"

"Salomat? Alisema, 'Asante, dada, umetuletea beshiki kiwete. Basi mtoto na akue haraka aisaidie kutembea.' Wakacheka wote. Binti yangu naye akacheka, kwa sababu angefanya nini? Anaishi kwa mkwe."

Zulhumor alipiga simu kubishana na mteja, akakuta mama wa bibi arusi. Ni mama wa bibi arusi anayeleta beshiki kwa wakwe mtoto wa kwanza akizaliwa, na kila anachokileta hupimwa.

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema.

"Umekwisha kupewa mpaka Ijumaa. Saa kumi. Nimesoma."

Jumatano asubuhi alipanda gari kwenda Buvayda, kwa Bibi Oydin aliyemuuzia beshiki ile. Alikwenda akiwa na uhakika. Watoto sita wamelelewa, hata mmoja hakuwa na kovu. Atapata shahidi, atarekodi maneno yake, atayatuma Tashkent.

Bibi Oydin alikuwa mfupi, mkavu, mwenye ulimi. Akamkaribisha kwenye chumba kilekile alimonunulia beshiki, cha udongo, chenye mkeka na mazulia mawili juu yake, akatandika kitambaa sakafuni, akaweka mkate, zabibu kavu na matofaa.

"Inagonga?" alishangaa. "Beshiki yangu? Wamwambie aliyeibembeza apimwe mikono. Sita wamelala mle. Haikutoa sauti hata ya panya."

"Ndivyo nilivyosema, bibi."

"Mjukuu wangu anayo hata kwenye simu. Alimpiga picha mdogo wake, zile zinazotembea. Wewe, leta simu," akamwita msichana jikoni.

Msichana akaleta simu, na kweli, ilikuwemo. Beshiki ileile, kwenye kona ya chumba hichohicho, inakwenda na kurudi kimya kama maji ndani ya bakuli, na mtoto wa sita ndani yake anamcheka mpiga picha. Tarehe ipo. Sekunde hamsini. Zulhumor alihisi magoti yake yamepona. Akaomba atumiwe, ikaingia kwenye simu yake, naye akaipeleka palepale kwa Gavhar. Gavhar akajibu kwa neno moja: "Tumeshinda."

Ni hapo alipoegemea mbele kuchukua mkate, kiwiko chake kikagusa sahani, na tofaa moja likaanguka.

Halikubaki pale lilipoanguka. Likabingirika nje ya kitambaa, likapita kwenye zulia taratibu, kama mtu anayejua aendako, likielekea kwenye kona. Bibi Oydin, huku akimimina chai na bila kutazama, alinyosha mguu wa kushoto akalizuia kwa kisigino. Alifanya hivyo kama wewe unavyofukuza nzi.

Zulhumor akatazama kisigino kile kwa muda mrefu.

"Bibi," alisema, "hufanya hivyo mara ngapi?"

"Kufanya nini?"

"Kuzuia matofaa."

"Aa. Nyumba imelala upande tangu mume wangu alipochimba ghala chini ya sakafu. Zamani hizo. Unazoea."

"Na beshiki ilikuwa inakaa kwenye kona hiyo?"

"Ingekaa wapi tena? Joto la jiko liko hapa."

Zulhumor akaacha chai yake. Akapiga magoti kwenye kona, yote mawili, na maumivu yake yakawa kitu cha baadaye. Akainua zulia. Udongo ulikuwa umeteremka, si sana, unene wa vidole viwili kwa urefu wa mkono. Sasa akaona. Kwa miaka thelathini na zaidi beshiki ile ilibembea kwenye mteremko, mmoja wa miguu yake miwili iliyopinda kama upinde ukibeba zaidi ya mwenzake, ukisagika kidogo kidogo, mtoto baada ya mtoto, mpaka beshiki na sakafu zikafanana. Hapa ilikuwa nzima. Mahali pengine popote duniani ilikuwa kiwete. Na hakuna mtu aliyesema uongo.

"Umedondosha pete?" Bibi Oydin aliuliza.

"Duka," Zulhumor alisema, akainuka.

Nyumbani, Gavhar alikuwa amekwisha kuandaa kila kitu: video, maelezo, majina sita. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza.

"Tusitume," Zulhumor alisema, akamsimulia habari ya tofaa.

Gavhar alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msichana mwenye akili, na ndiyo maana alikasirika. "Mama. Mwamuzi ameuliza kama ilibembea kabla ya kusafirishwa. Ilibembea. Hii hapa inabembea. Kuna uongo gani?"

"Video haina uongo. Ndiyo sababu siitaki. Ingekuwa ya uongo ningekwisha kuifuta na kwenda kulala."

"Duka litafungwa. Sitini na moja, mama. Daftari zima. Unataka tuanze kuuza nini, soksi?"

"Sijasema nataka lifungwe." Zulhumor alikuwa akitafuta skafu yake ya sufu. "Mavjuda akilifuta shauri mwenyewe kabla ya saa kumi ya Ijumaa, hakuna alama. Sheria si ndiyo inasema hivyo?"

"Inasema. Lakini kwa nini alifute?"

"Kwa sababu beshiki itakuwa imepona."

Alhamisi yote aliishinda kwa fundi Nemat, mzee anayetengeneza beshiki mpya ambazo kila mtu anazisifu na hakuna anayezinunua. Nemat alikataa kusafiri mpaka Angren. Njia ya mlimani wakati wa theluji haikuwa ya mtu wa umri wake. Lakini alimfundisha. Alimpa mguu wa beshiki iliyokufa, wa mforsadi, mgumu kama jiwe, akamwonyesha namna ya kushika randa, namna ya kupaka chaki sakafuni ili mbao yenyewe iseme mahali panapogusa na mahali pasipogusa.

"Unakata kidogo," alisema. "Ukikata sana, utaukata na ule mwingine kulingana nao, halafu wa kwanza tena, na jioni utakuwa umetengeneza sinia."

Kufikia alasiri alikwisha kuharibu miguu mitatu ya namna hiyo. Wa nne Nemat aliuzungusha mkononi, akausugua kwa kidole gumba, akamfungia randa na pimamaji kwenye kitambaa.

"Na utaijaribuje?" aliuliza. "Mtoto hatakaa humo wakati unaranda."

Hilo hakuwa amelifikiria. Gavhar, aliyemfuata kumchukua, alikuwa bado amenuna. "Mfunge mchele," alisema kwa kejeli. "Kilo tano. Una uzito wa mtoto, na haulii."

Nemat akacheka. Zulhumor hakucheka. Alisimama na kitambaa chake kifuani, akifikiria. Beshiki yenye mchele ndani yake, hiyo ni tupu? Mchele ni kitu. Mchele unaliwa na watu walio hai.

"Mwanangu," alisema, "wewe una akili kuliko unavyotaka kuonekana."

Ijumaa gari liliondoka Kokand alfajiri, abiria wanne na dereva aliyekula mbegu za alizeti njia nzima. Kwenye mlima wakasimamishwa kwa muda wa saa mbili na nusu, kwa sababu lori lilikuwa limeteleza likaziba njia. Zulhumor akashuka, akatembea kwenye theluji mpaka kwenye lori, akatazama, akarudi, akamwambia dereva kwamba upande wa kulia panapitika. Dereva akasema anajua kazi yake. Baada ya dakika kumi akapita upande wa kulia.

Alifika Angren saa sita na nusu. Mavjuda alimngoja kituoni, mwanamke mrefu aliyevaa koti zuri kuliko siku yenyewe. Alikitazama kile kitambaa.

"Umeleta pesa au umeleta nini?"

"Randa."

"Randa?"

"Twende kwa huyo Salomat."

Mavjuda alisimama palepale. Kwenda kwa wakwe bila kualikwa, na muuza mitumba mwenye randa, kwa ajili ya aibu iliyokwisha kuchekwa mara moja: alikuwa akiyapima yote hayo, usoni yalionekana. "Wakicheka tena," alisema hatimaye, "nitakudai na nauli."

Fleti ilikuwa ghorofa ya nne. Magoti ya Zulhumor yaliihesabu kila ngazi. Salomat alifungua mlango, mnene, mchangamfu, akiwa na yule mtoto begani. Alipoelezwa, akapanua macho.

"Kwa hiyo kiwete kimeletewa daktari. Karibuni, karibuni. Kipo kwenye kibaraza, nilikuwa nakihifadhia vitunguu."

Mavjuda akaangalia chini. Zulhumor akavua viatu, akatoa vitunguu kimoja kimoja, akaileta beshiki sebuleni, akakunja zulia, akaweka pimamaji kwenye sakafu tupu. Kiputo kikasimama katikati kama kimepigiliwa.

"Sakafu yenu ni nzuri," alisema. "Nipeni mchele kilo tano."

"Unataka kupika?"

"Nataka kulaza."

Akafunga mfuko wa mchele kwa mikanda yote miwili, kifuani na miguuni, mbele ya wanawake watatu: Salomat, Mavjuda, na binti yake aliyetoka jikoni na mikono ya unga. Kisha akabembeza. Tok. Tok. Tok. Na beshiki ikaanza safari yake kuelekea ukutani.

"Unaona?" Mavjuda alisema, na kulikuwa na ushindi mchungu katika sauti yake.

"Naona. Ulisema kweli." Zulhumor akaipindua beshiki, akawaonyesha mguu uliosagika, akawaeleza habari ya ghala la chini, kona na tofaa. Alipofika kwenye kisigino cha Bibi Oydin, Salomat alicheka mpaka mtoto akaruka begani, lakini kicheko hicho hakikuwa kile cha siku ya sherehe.

"Miaka thelathini?" alisema. "Mama huyo anazuia matofaa miaka thelathini?"

"Na watoto sita. Mmoja ni mkunga." Zulhumor akatoa daftari la bluu, akayasoma majina yote sita, na kazi zao, polepole, ili kila mtu asikie kilicholetwa siku ile kilikuwa nini. Mavjuda akavua lile koti zuri.

Zulhumor akapaka chaki sakafuni, akabembeza mara mbili, akapindua, akaranda, akapaka tena. Jasho likamtoka. Mara moja alikata zaidi, akafunga macho, akamkumbuka Nemat na sinia lake, akaendelea upande wa pili kwa ncha tu. Binti wa Mavjuda aliishikilia beshiki. Salomat alifagia maganda ya mbao kabla hayajatulia. Ilipofika saa nane na robo, mchele wa kilo tano ulikwenda na kurudi kimya, kama yule mtoto kwenye video, na beshiki haikusogea hata upana wa ukucha.

"Haya," Zulhumor alisema. "Sasa naomba ufute shauri."

Mavjuda alikunja mikono. "Sikununua beshiki ya mchele. Alale mtoto."

Wakautoa mchele, wakatandika, wakamlaza mtoto. Akapiga kelele kama anayeuzwa. Alikwisha kuzoea sungura. Salomat akamwimbia, akabembeza, akamwimbia tena. Saa tisa kasoro dakika kumi akafumba macho.

"Amelala."

"Amefumba macho," Mavjuda alisema. "Utajua mtoto alilala akiamka mwenyewe, ameshiba usingizi. Nitangoja."

Basi wakangoja, wakanywa chai kwa kunong'ona. Saa ya ukutani ilikuwa na sauti kubwa. Saa tisa na nusu. Saa kumi kasoro dakika ishirini simu ya Zulhumor ikatetemeka, akatoka nayo karibu na dirisha, lakini fleti ilikuwa ndogo na kila mtu alisikia.

"Mama, ninayo tayari. Nitume video?"

"Usitume."

"Mama, dakika ishirini."

"Sikiliza, mwanangu. Andika hivi. Kasoro ilikuwepo kabla sijauza. Sikuijua kwa sababu sikuijaribu. Mnunuzi amesema kweli. Nimekuja kuitengeneza mwenyewe na sasa inabembea. Umeandika? Ikifika saa kumi kasoro dakika tano hujasikia sauti yangu, tuma hiyo."

Gavhar akasema, kwa sauti ndogo, "Nimeandika."

Alipogeuka, Mavjuda alikuwa akimtazama. "Video gani?"

Zulhumor akampa simu. Mavjuda aliitazama beshiki ikienda na kurudi kwenye kona ile ya Buvayda, sekunde zote hamsini, akairudia.

"Na hukuituma."

"Pale inabembea. Kwako ilichechemea. Wewe huishi pale."

Mavjuda akairudisha simu. Akakaa. Mtoto alikuwa bado amelala, kinywa wazi, mkono mmoja wa mama yake ukiibembeza beshiki bila kufikiri, kama vile mkono huo umefanya hivyo siku zote. Mavjuda akautazama mkono huo. Kisha akapapasa mkoba wake, akatoa simu yake mwenyewe, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Miwani nimeacha nyumbani," alisema. "Salomat, dada, nisomee. Wapi pa kubonyeza?"

Kwa hiyo Salomat, aliyemcheka, ndiye aliyemsomea, kidole chake kinene kikipita kwenye kioo. "'Naendelea na shauri.' Hapana. 'Nataka mwamuzi mwingine.' Hapana. 'Tumeelewana, nafuta shauri.'"

"Hapo."

Saa kumi kasoro dakika nane. Zulhumor akampigia Gavhar, akasema neno moja, na Gavhar upande wa pili akapiga kelele hata mtoto akaamka, akawatazama wote, asilie.

"Sasa inauliza nyota," Salomat alisema. "Ngapi kati ya tano?"

Mavjuda alifikiri kwa haki. "Tatu."

"Tatu tu? Mama wa watu ameranda sebule yangu nzima."

"Imechelewa siku saba kubembea. Tatu."

Zulhumor hakudai ya nne. Alisoma maneno yaliyofuata zile nyota akiwa ndani ya gari, theluji ikiwaka kwa jua la mwisho pande zote za njia, dereva yuleyule akitema maganda ya alizeti. Mavjuda alikuwa amemwambia Salomat aandike: "Beshiki sasa ni nzima. Muuzaji alikuja mwenyewe. Mchele ulikuwa wetu."

Wiki iliyofuata duka lilitangaza beshiki ya sitini na mbili, watoto watano, wawili madaktari wa mifugo. Chini ya picha kumi na nne palikuwa na video: pimamaji sakafuni, kiputo katikati, na mfuko wa mchele wa kilo tano umefungwa mikanda, unakwenda na kurudi. Kabla ya jioni mtu wa Namangan aliuliza kama mchele nao unauzwa.

"Mwambie tumekwisha kuula," Zulhumor alimwambia Gavhar, akaenda kuuloweka kwa pilau.